Talaka bila wakili: kutoka ng'ombe wa mahari hadi hati ya baraza

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu asubuhi moja nikiwa bado na mswaki mdomoni. "Mdogo wangu, wewe si ndiye mwandishi wa ukoo? Nataka uniandikie karatasi ya talaka."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Yeye na shemeji walikuwa wametengana tangu mwaka 2021. Shemeji kabaki Buhongwa, hapa Mwanza. Dada karudi kwao Sengerema na watoto wawili na cherehani yake. Hakukuwa na ugomvi tena, ugomvi ulikwisha zamani. Walikuwa wanapigiana simu kuhusu ada za shule kama watu wazima. "Tumeelewana," akasema. "Yeye hataki kesi, mimi sitaki kesi. Ni karatasi tu. Wakili niliyemwendea kanitajia bei, nikamshukuru nikatoka."

Nikamwambia nipe wiki moja. Nilikuwa nimeshaandika habari za mahakamani mara kadhaa, nikajiona mjuzi. Ni karatasi tu, kweli! Ile wiki imekwenda mpaka imezaa makala hii, kwa sababu nilipoanza kuuliza kwa nini karatasi moja inahitaji karatasi nyingine kabla yake, nilijikuta nasoma mambo ya mwaka 1971, kisha ya 1963, kisha nikaanza kumkumbuka babu.

Tuanze na babu basi.

Babu yangu wa Magu alikuwa na kipaji kimoja kilichotuchekesha sisi wajukuu. Ungemtajia ndoa yoyote ya kijijini ya miaka ya hamsini naye angekutajia ng'ombe waliotolewa, mmoja mmoja, kwa rangi. Mwekundu mwenye baka jeupe pajani, mweusi aliyevunjika pembe, mtamba wa kijivu. Tulidhani ni mapenzi ya mifugo. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba babu alikuwa anatembea na masijala kichwani. Usukumani enzi hizo wale ng'ombe ndio waliokuwa cheti cha ndoa, na wazee walioshuhudia wakihesabiwa ndio waliokuwa ofisi ya msajili. Na siku ndoa ikivunjika, hesabu ile ile ilifunguliwa upya. Nani mwenye kosa? Wamezaliwa watoto wangapi? Wangapi warudi, wangapi wabaki? Watoto wa ndoa iliyotolewa mahari walihesabika wa upande wa baba, na kila mtoto alipunguza idadi ya ng'ombe wa kurudishwa. Banamhala, yaani wazee wa kijiji, walikaa chini ya mti wakapiga hesabu hiyo, na wakati mwingine hesabu ilichukua msimu mzima.

Ukisikia hivyo unaweza kusema: basi talaka ilikuwa bure, hakuna wakili, hakuna ada. Subiri kwanza.

Ng'ombe wa mahari hawakukaa zizini wakisubiri ndoa ivunjike. Baba wa binti akiwapokea mwezi huu, mwezi ujao anaweza kuwatoa kumwolea mwanawe wa kiume. Kwa hiyo ng'ombe walioingia kwa ajili ya dada walitoka kwa ajili ya kaka, wakaenda ukoo mwingine, nao huko wakaoa mwingine. Sasa dada anarudi nyumbani na kifurushi chake kichwani anasema nimechoka. Baba anamtazama. Ili ndoa ile ivunjike, inabidi apate ng'ombe ambao hana. Akimgusa kaka, ndoa ya kaka nayo inatikisika. Mwanamke mmoja kuachika kunakwenda kugonga milango ya watu wanne watano ambao hawakulala kwenye kitanda kile hata siku moja.

Babu alikuwa na shangazi yake aliyerudi nyumbani mara tatu, na mara tatu akarudishwa kwa mumewe. Aliisimulia kama kichekesho, na sisi tukacheka. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alirudishwa. Leo najua nisingehitaji kuuliza.

Sisemi wazee wetu walikuwa wabaya. Mfumo ule ulikuwa na akili yake, ulilazimisha ukoo mzima kuwa mdhamini wa ndoa. Nasema tu kwamba bei ya talaka haikuwa ndogo, ila ililipwa na mtu mwingine, na kwa sababu hiyo huyo mtu mwingine ndiye aliyeamua kama uachike au usiachike.

Wakaja wakoloni, nao kama kawaida yao wakataka daftari. Waingereza chini ya Gavana Donald Cameron walikuwa wamechagua kutawala kupitia watemi, na sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 ikawapa watemi baraza lenye karani, kitabu na risiti. Hapo ndipo talaka ya Msukuma ilipoanza kuwa na karatasi. Ada ililipwa, jina likaandikwa, ng'ombe wakawa tarakimu. Kisha akatokea Hans Cory, Mwaustria aliyezaliwa Vienna, mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya kikoloni. Alikuwa ameshaandika sheria za Wahaya pamoja na Hartnoll mwaka 1945. Mwaka 1953 kikatoka kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma. Ni kitabu cha kuheshimika, nami nimekisoma kwa faida. Lakini kina tabia moja ya vitabu vyote vya namna ile: jambo ambalo wazee walikuwa wanabishania chini ya mti, leo wakisema hivi na kesho vile kwa kutazama sura ya aliye mbele yao, likawa kifungu chenye namba. Mila iliyokuwa inapumua ikapigwa picha, na picha haibadiliki sura.

Kwa waliofunga ndoa kanisani mambo yalikuwa mengine kabisa. Mapadri Weupe walikuwa Bukumbi, ng'ambo kidogo tu ya mji wetu, tangu 1883, na kwa Wakatoliki ndoa haikuwa na mlango wa kutokea. Waislamu walikuwa na talaka yao na masheikh wao. Wahindi wa mjini walikuwa na desturi zao. Kwa hiyo mtaa mmoja wa Mwanza wa miaka ya hamsini ungeweza kuwa na majirani wanne wenye sheria nne za kuachana. Ukiuliza "talaka inagharimu kiasi gani?" ungejibiwa kwanza kwa swali: "Wewe ni nani, na ulioaje?"

Uhuru ulipokuja, serikali changa ilitaka kufuta utata huo. Cory huyo huyo alihusishwa na kazi ya kuunganisha sheria za mila, akafariki mwaka 1962 kabla haijakamilika. Mwaka 1963 likatolewa Tangazo la Serikali namba 279 kuhusu mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba: mahari, ndoa, talaka, watoto. Mwaka huo huo watemi wakaondolewa madaraka, na sheria ya mahakama za mahakimu ya 1963 ikaleta mahakama ya mwanzo, ile tunayoijua, ya hakimu na wazee wa baraza. Mahakama hiyo ilipewa sifa mbili ambazo naomba uzikumbuke, maana ndizo kiini cha mambo yote haya. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama ndani yake.

Yaani nchi ilijenga mahakama ambayo mwananchi anaingia mwenyewe, anasema shida yake kwa lugha yake, na upande wa pili hawezi kuleta msomi wa kumzidi kete. Katazo la mawakili lilidumu mpaka mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na kuwaruhusu kwenye mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka huo huo wa 2021 Kiswahili nacho kikafanywa lugha ya sheria na mahakama kwa ujumla, hadi juu. Kwa zaidi ya nusu karne, talaka ya kujiandikia mwenyewe haikuwa ujanja wa watu wasio na hela. Ndiyo ilikuwa njia ya kawaida kwa mahakama iliyo karibu na watu.

Sasa tufike 1971.

Mwanzo wa sheria yetu ya ndoa uko Nairobi, na hili hunichekesha kila nikilifikiria. Kenya iliunda tume ya sheria ya ndoa na talaka mwaka 1967 chini ya Jaji Spry. Tume ikaandika mapendekezo mazuri ya kuunganisha sheria zote za ndoa. Kenya ikayaweka kabatini. Miswada ilipelekwa bungeni kwao katika miaka ya sabini ikakataliwa, na sheria moja ya ndoa wakaja kuipata mwaka 2014. Sisi tukachungulia daftari la jirani, tukaandika yetu. Serikali ilitoa mapendekezo yake katika waraka namba 1 wa mwaka 1969, wananchi wakayajadili, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa namba 5 ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. (Zanzibar haimo, wao wana utaratibu wao na makadhi wao.)

Ilikuwa sheria ya kishujaa kwa wakati wake. Kwa mara ya kwanza Mkristo, Mwislamu, Mhindu na aliyeoa kimila walisimama mbele ya mlango mmoja wa talaka. Ilikataza mume kumpiga mke au mke kumpiga mume. Ilitoa sababu moja tu ya kuvunja ndoa, kwamba imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ikataja baadhi ya dalili za kuvunjika huko: ugoni, ukatili, kumtelekeza mwenzio miaka mitatu au zaidi, au kutengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua mitatu. Na shauri unaweza kulipeleka mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu, chaguo ni lako.

Hiyo dalili ya kutengana kwa hiari ndiyo niliyomtafutia dada. Tangu 2021 hadi leo ni zaidi ya miaka mitatu. Nikampigia kwa furaha. Nikamwambia pia jambo ambalo wengi hawalijui, nami nilikuwa silijui: makubaliano peke yake hayavunji ndoa hapa kwetu. Mume na mke wanaweza kukubaliana kwa kila kitu, wakashikana mikono, wakapiga picha. Bado mahakama lazima iridhike yenyewe kwamba ndoa imevunjika. Hata mume Mwislamu aliyekwisha kutamka na kuandika talaka, mbele ya serikali ndoa ipo mpaka ipite barazani na mahakamani.

"Barazani?" dada akauliza.

Ndiyo. Hapa ndipo penye kigingi.

Sheria ya 1971 inasema hakuna kufungua shauri la talaka kabla ya kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza hilo kuandika hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linaweza kuwa la kata, au la jumuiya ya dini, kama yale ya BAKWATA kwa Waislamu. Linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haingii humo kukuwakilisha. Ukitaka kuielewa roho yake, kumbuka mwaka wenyewe. Ulikuwa wakati wa Ujamaa, wakati wa kuamini kwamba jambo halishindikani watu wakikaa chini wakazungumza. Wale banamhala waliokuwa chini ya mti waliondolewa na uhuru kupitia mlangoni, wakarudishwa na Sheria ya Ndoa kupitia dirishani, safari hii wakiwa na muhuri.

Wapo wanaosamehewa hatua hiyo: aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko, ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hategemewi kurudi ndani ya miezi sita, ambaye mwenzake amekataa kwa makusudi kufika, ambaye mwenzake amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, ambaye mwenzake ana ugonjwa wa akili usiotibika, na pale ambapo mahakama inaona mazingira si ya kawaida. Dada yangu hakuwa na hata moja kati ya hizo. Kosa lake lilikuwa kuelewana na mume wake!

Na kuna kipengele kidogo nilichokisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Baraza lenye mamlaka ni la kata anayoishi mume. Mume. Kwa hiyo mwanamke aliyerudi kwao ndiye anayesafiri. Wabunge waliotunga sheria hii ya kishujaa hawakufikiri, au labda walifikiri, kwamba ndoa ikivunjika aghalabu mwanamke ndiye anayefunga virago.

Dada alikuja mara nne. Sitaitaja kata wala baraza, maana wajumbe wenyewe ni watu wema wanaofanya kazi isiyo na malipo ya maana. Mara ya kwanza mwenyekiti alikuwa msibani. Mara ya pili wajumbe hawakutimia. Mara ya tatu walikaa, wakawasikiliza wote wawili, mzee mmoja akamshauri dada kwa upole arudi nyumbani kwa ajili ya watoto. Shemeji ndiye aliyejibu: "Mzee, tumeshajaribu." Mara ya nne alikuja kuchukua hati, akapewa barua ya kurasa nusu iliyoandikwa "Kwa yeyote anayehusika" ikisema hao wawili wanafahamika hapo na wana matatizo ya kifamilia. Muhuri upo, sahihi ipo. Neno la kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha halipo.

Nikamwambia hiyo hapana, rudi. Akakasirika kidogo. "Si wamegonga muhuri?"

Sikuwa namtesa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mtwara, ilifuta mwenendo wa shauri la talaka lililokuwa limepita mahakama za chini na kufika mpaka juu, kwa sababu hapakuwa na hati halali ya baraza tangu mwanzo. Fikiria hilo. Watu wamekwenda mahakamani miaka, mali zimegawanywa kwenye karatasi, kisha unaambiwa mlipaswa kuanzia kwa wazee, na tangu siku ile mlikuwa mnajenga bila msingi. Kanuni za mabaraza za mwaka 1971 zina fomu yake maalumu kwa hati hiyo. Na hati ikishatoka ina umri: shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita, ikipita hapo unaanza upya.

Safari ya tano akapata hati sahihi.

Dada ni fundi cherehani na ana daftari la kila kitu, hata la talaka. Alinionyesha. Nauli ya Sengerema kuja Mwanza na kurudi, mara tano. Ukurasa wa kuchapa steshenari, shilingi elfu moja. Kopi za cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Picha ndogo ambazo hakuna aliyezitaka. Soda. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, siku tano ambazo cherehani haikuguswa, na kila siku kaiandikia hela ya magauni ambayo angeshona. Ule mstari mwekundu ulikuwa mkubwa kuliko mingine yote ukiijumlisha. Zamani angeongeza na saa za kusubiri kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Magufuli la kilometa tatu hivi, unavuka huku unaangalia maji. Daraja limepunguza foleni ya kivuko, halikupunguza tarehe za kuahirishwa.

Nadhani mpaka hapa ungeona makala imekwisha: gharama ya kujiandalia karatasi za talaka ni nauli na muda. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka jioni tulipokaa kuandika maombi yenyewe.

Sheria inataja vitu ambavyo maombi ya talaka yanapaswa kuwa navyo. Taarifa za ndoa. Majina na umri wa watoto. Mashauri yaliyotangulia kama yapo. Sababu za kusema ndoa imevunjika. Na masharti ya makubaliano yoyote kuhusu matunzo na mgawanyo wa mali mliyochuma kwa pamoja, au kama hamkukubaliana, unapendekeza nini. Na mwisho, unaomba mahakama ikupe nini. Nilikuwa nachapa, dada ananisomea kutoka kwenye daftari. Tulipofika kwenye mali akasema bila kuinua macho: "Andika sidai chochote."

"Na kile kiwanja cha Kisesa?"

"Kina jina lake."

"Mlinunua lini?"

"Tukiwa pamoja. Mwaka wa pili wa ndoa. Lakini hela ilitoka kwake, mimi nilikuwa nalea, cherehani ilikuwa bado."

Ikabidi niache kuchapa nimweleze habari za Bi Hawa, ambazo nadhani kila mwanamke wa nchi hii angefundishwa shuleni kabla ya hesabu za aljebra.

Sheria ya 1971 ilisema mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja. Haikusema juhudi ni nini. Kwa miaka zaidi ya kumi majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, hakuzai haki kwenye nyumba. Wengine walisema ndiyo juhudi yenyewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ikamaliza ubishi katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Hapo sheria yetu iligeuka.

Lakini habari yenyewe ina uchungu ambao watu huuruka wakiisimulia kwenye semina. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilikubali hoja yake, kisha ikasema mumewe alikuwa amempa fedha za kuendesha biashara ya familia naye akazitapanya, hivyo fungu lake alishalila. Alishinda kwa ajili ya wanawake wote waliomfuata, akaenda zake mikono mitupu.

Na hapa hapa Mwanza, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitoa hukumu nyingine ya kukumbukwa. Haikuhusu talaka. Ilihusu bibi wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake na kuliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Sheria ya mila, iliyoandikwa kwenye yale matangazo ya 1963, ilisema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji akasema haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba zinakataa ubaguzi huo. Ile picha ya mila iliyopigwa na akina Cory ikapasuka kipande, na aliyeipasua alikuwa amekaa kwenye mji wetu huu wa mawe.

Dada alisikiliza yote hayo huku anachezea kifuniko cha kalamu. Kisha akasema maneno ambayo yamenifanya niandike makala hii badala ya kumwandikia tu karatasi yake na kukaa kimya.

"Mdogo wangu, nikiandika kiwanja, hatutakuwa tumeelewana tena."

Nilikosa jibu la haraka. Maana kweli, talaka isiyo na upinzani inakwenda upesi kwa sababu kuna mtu amenyamaza. Wakati wa babu, mwanamke alinyamaza kwa sababu ng'ombe wameshaoa mke wa kaka. Sasa hakuna ng'ombe, kuna kiwanja, na anayenyamaza ni yule yule. Kama wakili angekuwepo, angeuliza habari za kiwanja dakika ya tano, angalau kwa sababu bei yake inategemea jibu. Steshenari haiulizi. Inachapa unachosema, elfu moja kwa ukurasa. Nikakumbuka pia kwamba mji huu una watu wa kuuliza bila bei ya wakili. Kivulini wapo Mwanza tangu 1999, na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, hata huko wilayani. Mimi nilikuwa nafanya kazi yao kwa kubahatisha.

Tukaacha ukurasa ule wazi. Dada akaondoka na basi la jioni, kalala kwake Sengerema, na asubuhi akaenda kumwona msaidizi wa kisheria, mama mmoja ambaye baadaye aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha daftari, kwamba rasimu yangu ilikuwa nzuri ila "umeandika kama gazeti". Alimwambia dada kitu rahisi ambacho mimi na vifungu vyangu vyote sikukiona: sheria inataka masharti ya makubaliano yenu yaandikwe. Basi kubalianeni kwanza. Kutaja kiwanja si kupinga talaka, ni kujaza sehemu ya karatasi.

Wiki iliyofuata dada akampigia shemeji. Nilikuwepo, maana alikuja Mwanza kuchukua vitambaa. Alimsalimia, wakaongea habari za mtoto mkubwa aliyeumia mguu akicheza mpira, kisha akamwambia hivi, moja kwa moja: "Baba Neema, ile karatasi inauliza kuhusu Kisesa."

Kimya kirefu. Nilisikia pikipiki zikipita upande wa pili wa simu.

"Inauliza nini?" shemeji akasema.

"Inauliza tumekubaliana nini."

Alisema atafikiri. Hakukasirika, hakukubali pia. Tangu siku hiyo wamekwenda Kisesa mara moja pamoja na fundi wa kupima, kuona kama kiwanja kinagawanyika au ni bora mmoja amlipe mwenzake. Shemeji anataka alipe kidogo kidogo. Dada anataka nusu ya ardhi, kwa ajili ya chumba cha cherehani. Bado hawajamaliza. Hati ya baraza imebakiza miezi miwili na siku chache kabla ya kufa, na rasimu iko kwenye kompyuta yangu, ina nafasi tupu ya mistari minne katikati ya ukurasa wa pili.